Nani Anamkumbuka Nani? Kurudi Kwenye Mji wa Chuo Katika Fasihi

Utangulizi

Jumamosi moja ya muhula uliopita mtu alibisha hodi chumbani kwetu bwenini. Alikuwa mtu wa makamo, amechomekea shati vizuri, mkononi ana mfuko wa karatasi. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akaeleza kwamba zamani aliishi katika chumba kile kile, na sasa kazi imemleta mjini, basi anaomba achungulie dakika moja tu. Ndugu msomaji, mambo ya mabweni unayajua. Chumba ni cha watu wawili, lakini siku ile tulikuwa wanne, wawili tumewabeba. Tukadhani huyu ni mkaguzi anayejifanya muungwana. Mwenzangu alimjibu huku ameushikilia mlango: "Samahani mzee, kuna mtu anavaa." Mzee akasema haidhuru wanangu, akashuka ngazi.

Saa moja baadaye nilimkuta nje ya lango, kwa Mama Chapati, ameketi kwenye benchi anacheka hadi machozi. Mama alikuwa anamdai. Alikuwa anamkumbusha mbele za watu chapati mbili na bakuli la maharage alivyokula kwa mkopo wiki ya mitihani ya mwisho, kisha akapotea moja kwa moja. Tena alimwita kwa jina la utani ambalo bila shaka hata mkewe halijui.

Nilisimama pale na sahani yangu nikaona haya. Sisi tunaolala pale alipolala yeye hatukumjua. Chuo hakikumjua. Aliyemjua ni mama muuza chapati, ambaye hayumo katika rejista yoyote ya chuo.

Makala haya yamezaliwa pale. Madhumuni yake ni kueleza jinsi watunzi kadhaa walivyoitumia safari ya kurudi kwenye mji wa chuo miaka baada ya masomo, na kujaribu kujibu swali moja: mhitimu anaporudi, ni nani hasa anayemkumbuka, na kwa nini? Nitachambua tamthilia moja ya Kijerumani, mashairi mawili na riwaya moja ya Kiingereza, halafu nitauliza mbona sisi wenyewe hadithi hii hatuisimulii sana.

Mji usiozeeka

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Mji wa chuo si kama miji mingine. Mtu akirudi kijijini kwao baada ya miaka ishirini, atawakuta wale aliocheza nao chandimu wana mvi kama yeye. Wamezeeka pamoja ingawa walikuwa mbalimbali. Lakini akirudi chuoni atawakuta watu wa miaka ishirini na moja, kama alivyowaacha. Wale wale vimbwetani, wanabishana vile vile, wananakili madesa vile vile. Sura tu zimebadilika. Kila mwaka kundi moja linatoka na jingine linaingia, kwa hiyo umri wa mji haupandi. Chuo kikuu cha Heidelberg kule Ujerumani kilianzishwa mwaka 1386, na kwa zaidi ya miaka mia sita wanafunzi wake wamekuwa vijana. Anayezeeka ni yule aliyeondoka.

Ndiyo maana watunzi wanaipenda safari hii. Inawapa kioo cha bure. Mhusika hahitaji kuambiwa kwamba amezeeka, anaona mwenyewe.

Lakini mji huo una watu wa aina mbili, na hapa ndipo uhakiki mwingi unapopita haraka. Wapo wapitaji, yaani wanafunzi, wanaokaa miaka mitatu au minne na kwenda zao. Na wapo wakaaji: wapishi, walinzi, wafagiaji, wenye vibanda, wenye nyumba za kupangisha. Wanaoandika vitabu karibu wote ni wapitaji. Wanaokumbuka, kama tutakavyoona, mara nyingi ni wakaaji.

Mwana wa mfalme na deni la ahadi

Mfano ulio wazi kuliko yote ni tamthilia ya Alt-Heidelberg, yaani Heidelberg ya Zamani, ya Wilhelm Meyer-Förster, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1901. Ilipendwa mno. Mwaka 1924 ilizaa mchezo wa kuimba huko New York, na mwaka 1927 Ernst Lubitsch aliifanya filamu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Karl Heinrich, mrithi wa kiti cha enzi katika nchi ndogo ya kubuniwa, amelelewa ndani ya kuta za ikulu bila rafiki. Anapelekwa Heidelberg kusoma pamoja na mwalimu wake, Dk. Jüttner. Huko anafikia katika nyumba ya wageni, anajiunga na chama cha wanafunzi, anakunywa na kuimba kama wenzake, anampenda Käthie, msichana anayewahudumia wanafunzi bia. Baada ya miezi michache tu waziri anakuja na habari: mtawala mzee anaumwa, lazima kijana arudi. Anaondoka akiahidi kwamba atarejea.

Miaka miwili inapita. Sasa yeye ndiye mtawala, na ndoa ya kisiasa imekwisha kupangwa. Ndipo anapotokea Kellermann, mzee aliyekuwa mtumishi wa wanafunzi kule Heidelberg. Amefunga safari mpaka ikulu kwa sababu kijana yule alimwahidi kazi. Kwa kumwona tu, Karl Heinrich anashikwa na hamu, anaamua kurudi Heidelberg. Anafika. Dk. Jüttner amekwisha kufariki. Wanafunzi wanampokea wamesimama wima kama askari, wanamwita mtukufu, hakuna anayethubutu kucheka. Käthie peke yake anamkimbilia kama zamani. Wanaagana, yeye aende kwenye ndoa yake ya kisiasa, naye Käthie akaolewe na mchumba wake kwao Austria.

Wahakiki wengi huisoma tamthilia hii kama kilio cha ujana uliopita. Ni kweli, lakini si yote. Tazama idadi ya miaka. Ni miwili tu! Hakuna mtu aliyezeeka hapo. Kilichobadilika ni cheo. Wanafunzi, ambao ni wapitaji wenzake, wanamwona kwa cheo chake cha leo. Wanaomwona yeye mwenyewe ni wawili, mtumishi na msichana wa bia. Wakaaji.

Na tazama jambo la pili. Karl Heinrich hakuanza safari kwa kukumbuka. Alikumbushwa. Asingekuja Kellermann kudai ahadi yake, mtawala angeendelea kutia saini nyaraka mpaka siku ya harusi. Wahenga walisema ahadi ni deni, na hapa deni ndilo linaloiendesha hadithi. Mpitaji anakuwa na hamu tu, mkaaji ana dai. Hamu inasahaulika ukipata usingizi. Dai halisahauliki mpaka lilipwe.

Hapo ndipo udhaifu wa tamthilia unapoonekana. Meyer-Förster analiona deni la Kellermann, la Käthie analipitia juujuu. Machozi ya mwisho yote tunaombwa tumlilie mtawala. Käthie aliwahudumia vijana kabla yake, na kama si ndoa angewahudumia wengine baada yake. Mtunzi hatuulizi yeye atarudi wapi. Ni kilio cha mpitaji, na ukumbi nao, nadhani, ulijaa wapitaji.

Mti, mlango na pai mbaya

Tuvuke bahari twende Oxford. Matthew Arnold alisoma pale miaka ya 1840 pamoja na rafiki yake Arthur Hugh Clough. Clough alifariki Florence mwaka 1861. Shairi la Thyrsis, lililotoka mwaka 1866, ni maombolezo yake, na limejengwa juu ya safari ya kurudi kwenye vilima walikotembea pamoja. Msemaji anatafuta mti fulani. Zamani walikuwa na imani yao kwamba mti ule ukiwa bado umesimama, basi mwanachuo mmoja wa hadithi za kale, aliyeacha masomo akafuata watu wa kuhamahama, naye bado yu hai anatangatanga. Jua linazama, na kwa mbali anauona. Anapata faraja.

Katika darasa la ushairi mti ndio huzungumziwa. Mimi naomba turudi kwenye beti za mwanzo na za katikati. Kabla hajaufikia mti, msemaji anatambua kwamba jina la mwanamke mmoja limefutika kwenye kibao cha nyumba ya wageni kijijini. Baadaye anauliza yuko wapi yule msichana wa mlangoni kwa mwenye mashua, aliyekuwa akiwafungulia mtumbwi. Anauliza wako wapi wakata nyasi waliosimama kuwatazama wakipita mtoni. Wote hawapo. Kwa maoni yangu, Arnold anauhitaji mti kwa sababu wakaaji wamekwisha. Hakubaki binadamu wa kumwambia "nilikuona hapa na mwenzako". Basi kazi ya ushahidi inabidi ifanywe na mti, na mti, bwana, hausemi.

Karibu miaka mia moja baadaye Philip Larkin, aliyesoma Oxford kuanzia mwaka 1940 hadi 1943, aliandika shairi la Dockery and Son, lililomo katika diwani yake ya mwaka 1964. Hapa hakuna vilima wala machweo. Msemaji anatembelea chuo chake, ofisa anayesimamia nidhamu anamwambia kwa kupitisha mazungumzo kwamba mtoto wa Dockery, aliyekuwa nyuma yake kimasomo, sasa anasoma hapo. Msemaji anakwenda kuujaribu mlango wa chumba alichoishi. Umefungwa. Anapanda treni, anasinzia, anaamka Sheffield anakobadilisha treni, anakula pai mbaya. Njiani anapiga hesabu: Dockery alipata mtoto akiwa kijana mdogo kabisa, na yeye hana mtoto, hana mke, hana nyumba wala shamba.

Nilipolisoma shairi hili mwaka wa kwanza niliona ni la mtu mwenye huzuni zake binafsi. Baada ya Jumamosi ile nililisoma upya, na ule mlango uliofungwa ukanichoma. Mimi nilikuwa upande wa ndani. Larkin hatuambii ndani mna nani, maana mpitaji wa jana hawezi kumjua mpitaji wa leo. Na anayemkumbuka pale chuoni ni ofisa, ambaye kumbukumbu yake ni ya rejista: nani alitangulia, nani alifuata, mtoto wa nani ameandikishwa. Msemaji hakutani hata na mtu mmoja wa kumdai pai. Upweke wa shairi zima, nadhani, unaanzia hapo. Kurudi mahali ambapo hudaiwi na mtu ni sawa na kutowahi kufika.

Mtumishi asiyetazamwa

Mfano wa tatu ni riwaya ya Gaudy Night ya Dorothy L. Sayers, ya mwaka 1935. Sayers mwenyewe alimaliza masomo Oxford mwaka 1915 lakini ilimbidi angoje hadi 1920, mwaka chuo kilipoanza kuwapa wanawake shahada, ndipo apate yake. Mhusika wake mkuu, Harriet Vane, ni mwandishi aliyewahi kushitakiwa kwa mauaji na kuachiwa huru. Anaalikwa kwenye karamu ya wahitimu katika chuo cha wanawake cha kubuniwa, na anaogopa kwenda. Watamtazamaje?

Anakwenda, anapokewa vizuri kuliko alivyotarajia. Waliomtisha ni wenzake wa zamani. Mmoja, aliyekuwa kichwa kweli darasani, ameolewa na mkulima na kazi za shamba zimemmaliza. Sayers anatumia kukutana huko kuuliza swali zito: elimu ile ilikuwa ya nini? Baadaye mtu asiyejulikana anaanza kuwaandikia walimu barua za matusi na kuharibu vitu, na Harriet anaitwa arudi kupeleleza.

Ambaye hajaisoma anisamehe, lakini hoja haiwezi kukamilika bila kutaja mwisho. Mkosaji ni Annie, mtumishi wa chuo. Mumewe alikuwa msomi. Alificha ushahidi uliopingana na tasnifu yake, akafichuliwa na mwanamke msomi, akapoteza kazi, akajiua. Annie anawahudumia wanawake hao kila siku na hakuna anayemwangalia usoni. Wanashukiana wao kwa wao, walimu na wanafunzi, kurasa kwa kurasa, na mtumishi anapita na sinia.

Hapa Sayers ameona jambo ambalo Meyer-Förster hakuliona: kwamba mkaaji ana historia yake, na dai lake linaweza kuwa chungu. Lakini ameliona kwa jicho la walimu. Riwaya inamsimamisha Annie kama adui wa ukweli wa kitaaluma, na baada ya kunaswa anaondolewa, chuo kinarudi kwenye amani yake. Deni linafutwa kwa kumfukuza anayedai. Ni riwaya nzuri, ila katika hili msimamo wake wa kitabaka uko wazi.

Kwetu je?

Sasa tujitazame. Katika vitabu vya Kiswahili tulivyosomeshwa, mwanachuo harudi chuoni. Anarudi nyumbani. Kazimoto katika Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) ni mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini riwaya inakwenda naye Ukerewe, kwa wazazi, kwa mazishi ya dada na ya mama, kwenye ndoa na mwisho wake mbaya. Chuo ni mahali anapotoka tu. Hali kadhalika Ocol katika Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, ambao tunao kwa Kiswahili cha Paul Sozigwa: amesoma Makerere, ila ugomvi wote uko nyumbani.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi kumi na wanne wa sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Gharama ya kumsomesha mtu mmoja ilibebwa na wakulima wengi. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, ni msaliti. Mwaka 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, mamia yao walirudishwa makwao. Kwa hiyo katika fikra zetu neno kurudi lilikuwa na uelekeo mmoja, na deni lilikuwa kijijini. Watunzi walikwenda kulitafuta huko, na walikuwa na haki.

Sababu ya pili ni ya kijiografia. Mlimani ni sehemu ya Dar es Salaam, na Makerere ni kilima ndani ya Kampala. Mhitimu akipata kazi jijini humo humo anapita mbele ya chuo chake kila wiki ndani ya daladala. Huwezi kurudi mahali ambapo hujaondoka. Lakini hali inabadilika. Morogoro kuna Sokoine na Mzumbe, Dodoma kuna chuo kikuu kikubwa kilichoanzishwa mwaka 2007. Wapo maelfu ambao ujana wao umebaki katika mji wasioishi tena, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inawafikisha Morogoro kutoka Dar es Salaam kabla chai haijapoa. Hadithi yao itaandikwa tu.

Swali ni itaandikwaje. Itakuwa Alt-Heidelberg nyingine, ambapo mheshimiwa anashuka kwenye gari, anafuta chozi chini ya mwembe na kuondoka? Au tutaunganisha yale mawili, hamu ya wale wa Ulaya na deni la Kezilahabi na Mwalimu, tukaone kwamba mwanachuo hadaiwi kijijini peke yake?

Najua kuna atakayesema: Mama Chapati anafanya biashara, unamlipa, mmemalizana, deni liko wapi? Sawa. Lakini bumu likichelewa, nani anakukopesha? Ukiugua, nani anauliza mbona yule mrefu haonekani siku hizi? Hayo hayamo katika bei ya chapati.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika kazi hizi nne anayerudi hupimwa kwa mambo mawili: umri, unaoonyeshwa na wapitaji wapya, na deni, linaloshikwa na wakaaji. Palipo na mkaaji anayedai, kama Kellermann, kurudi kunakuwa na uzito. Pasipo naye, mtunzi analazimika kuegemea mti au mlango uliofungwa. Mhakiki anayesoma hadithi za kurudi asiishie kumtazama anayelia, atazame na anayeosha vyombo nyuma yake.

Mimi mwezi wa saba namaliza. Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mama Chapati nikamuuliza jina lake halisi, maana kwa miaka mitatu sikuwahi kuuliza. Alicheka. Akasema, "Na wewe unaondoka, ee? Kila mwaka mwezi huu wanakuja wawili watatu kuniuliza jina." Nikamuuliza kama wanarudi. Akasema kurudi wanarudi, ila wengine jina wamekwisha kulisahau, basi anawaacha tu wamwite Mama Chapati. Kisha akanitajia.

Siliandiki hapa. Anayelitaka akamuulize mwenyewe, na kama ana deni akalipe huko huko. Kuhusu yule mzee wa Jumamosi, bado sijui tungefanyaje na wale wawili tuliowabeba. Lakini mlango tungeufungua.